Kukuza taaluma kwa kazi ndogo zinazorudiwa: mwongozo kwa wafanyakazi wa Mtwara na Lindi

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala hahitaji kufundishwa maana ya kazi ndogo inayorudiwa. Mikorosho inapoanza kutoa maua, huamka alfajiri kabla upepo haujaanza kuvuma, umande ukiwa bado kwenye majani, akapulizia salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Hurudia baada ya wiki mbili hivi, kisha baada ya wiki mbili nyingine, mpaka maua yashike na kuwa korosho. Akiruka mizunguko miwili hawezi kuifidia kwa kumwaga salfa maradufu siku atakayorudi, kwa sababu maua yaliyochanua katika kipindi alichoruka yatakuwa yameshashambuliwa. Naanza na shamba kwa sababu kazi yangu ya uhasibu imekua kwa namna hiyo hiyo, na kwa sababu wengi wetu tuliolelewa Kusini tunalielewa jambo hili vizuri tukiwa mikoroshoni, lakini tukishafika ofisini, ghalani au karakana tunalisahau, tukawa tunangoja semina moja kubwa, cheti kimoja au mtu mmoja mwenye cheo aje abadilishe maisha yetu kwa siku moja.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye kazi tayari, iwe ya kudumu au ya muda, ambaye angependa baada ya miaka mitano awe na uwezo na kipato tofauti na alivyo leo: karani wa ghala, mwalimu, muuguzi, fundi umeme, mhudumu wa hoteli ya Mikindani au Kilwa, mtumishi wa halmashauri. Nitaeleza kwa urefu mambo mawili, yaani daftari la kazi na kujifunza kidogo kidogo, kwa kuwa ndiyo yaliyonifaa mimi mwenyewe kuliko yote. Mengine nitayagusa kwa kifupi.

Anza na daftari la kazi

Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, na kazi za ujenzi zilizokuwa zimewapa riziki vijana wengi wa huku zikafikia mwisho. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwa mmoja wa wakandarasi wadogo, na siku ya mwisho nilikabidhiwa barua ya mistari mitatu iliyotaja tarehe niliyoanza, tarehe niliyomaliza na cheo changu. Miezi michache baadaye niliitwa kwenye usaili mjini Lindi. Waliuliza stoo yangu ilikuwa na aina ngapi za vifaa, ni mara ngapi hesabu halisi ilitofautiana na leja, na nilichukua hatua gani tofauti ilipotokea. Hayo yote nilikuwa nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe kwa miaka miwili, lakini sikuwa na idadi wala tukio moja la kutaja, hivyo nilijibu kwa maneno ya jumla kwamba nilikuwa mwaminifu na mchapakazi, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Niliporudi Mtwara nilikwenda kumwamkia jirani yetu, mtunza ghala mstaafu, na nikamsimulia yaliyonipata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, gunia likiingia ghalani bila karatasi, mwenyewe atalidai kwa kitu gani? Na wewe miaka yako miwili umeiingiza bila karatasi.” Sikuwa na la kujibu zaidi ya, “Ni kweli, mzee wangu.” Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umetumika kwenye korosho za mkoa wetu tangu msimu wa 2007/2008, na kila mkulima anajua kwamba malipo yake hufuata karatasi inayoonyesha uzito na daraja la alichokileta. Siku ile ile nilinunua kaunta buku.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila siku, kabla ya kutoka kazini, andika mistari mitatu, na usizidishe hata kama una mengi ya kusema. Mstari wa kwanza uwe wa kazi uliyoifanya pamoja na idadi yake, kwa mfano: “Nimepokea magunia 214 kutoka kwa wakulima 37, hati zote zimeandikwa, uzito wa mizani umelingana na leja.” Mstari wa pili uwe wa tatizo na namna ulivyolishughulikia: “Malipo ya wakulima wawili yamerudi kwa sababu namba za akaunti zilikosewa, kuanzia leo mmoja anasoma namba kwa sauti na mwingine anaandika.” Mstari wa tatu uwe wa swali, yaani jambo ambalo leo limepita mbele yako bila wewe kulielewa: “Kwa nini hundi tuliyoiandika tarehe 28 haionekani kwenye taarifa ya benki ya mwezi huo?” Watu wengi huona mstari wa kwanza ndio wa maana kwa kuwa unawasifu, lakini mimi baada ya miaka yote hii nauthamini zaidi mstari wa tatu, na sababu yake nitaieleza mbele.

Jihadhari na sentensi kama “nimefanya kazi za kawaida,” kwa maana baada ya mwezi mmoja haitakuambia lolote. Mwalimu aandike kwamba kati ya wanafunzi 52 waliofanya zoezi la sehemu, 19 walikwama kwenye kutafuta asili ya pamoja, na kwamba kesho ataanza na chungwa lililokatwa vipande kabla ya kurudi ubaoni. Fundi umeme aandike ni nyumba ya ngapi kwa mwezi huo aliyoikuta waya wa ardhi haujaunganishwa, na alimweleza vipi mwenye nyumba. Muuguzi aandike idadi na utaratibu, lakini asiandike kamwe jina la mgonjwa wala jambo litakalomtambulisha, na sisi wa mambo ya fedha tusiandike akaunti za watu wala siri za ofisi. Daftari hili ni kumbukumbu ya kazi yako, nalo linaweza kupotea kwenye bajaji, kwa hiyo liandike kama kitu kitakachookotwa na mtu usiyemjua.

Kila Ijumaa lisome kuanzia Jumatatu, kazi ya dakika kumi. Kila mwisho wa mwezi chukua ukurasa mmoja na ukusanye: jumla ya ulichofanya, matatizo mawili uliyoyatatua, na swali lililojirudia mara nyingi kuliko mengine. Kurasa 12 za namna hii kwa mwaka ndizo utakazozitumia unapoandika wasifu wako, unapoomba kupandishwa daraja, unapojadili mshahara, na unapoketi mbele ya wasaili. Watumishi wa umma wana sababu ya ziada ya kuwa nalo, kwa kuwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, unawataka wajaze utekelezaji wa majukumu yao, na mwenye daftari hujaza kwa kunakili, ilhali asiye nalo hukaa akijikuna kichwa akijaribu kukumbuka wiki ya pili ya mwezi uliopita.

Ifunge kazi mpya kwenye jambo ulilokwisha kulizoea

Nia njema haitoshi, kwa sababu saa ya kutoka kazini ina mambo yake: bodaboda anapiga honi nje, mtoto anasubiri shuleni, mwenzako anataka mwongozane. Ndiyo maana tendo jipya linahitaji jambo la zamani la kulishikilia. Mimi nilijiwekea kwamba nikishaifunga leja, na kabla sijachukua ufunguo wa mlango, naandika mistari mitatu. Ufunguo huwa juu ya kaunta buku yenyewe, hivyo siwezi kuuchukua bila kuiona. Chagua jambo lako lisilokosekana siku yoyote ya kazi, kama vile kusaini kitabu cha mahudhurio, kuosha mikono baada ya zamu, au kurudisha vifaa kwenye boksi, na useme kwa maneno kamili: nikimaliza hili, nafanya lile.

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akirudia tendo alilolichagua la kula, kunywa au mazoezi ya mwili baada ya jambo lile lile la kila siku. Muda wa katikati wa tendo kufikia hali ya kufanyika bila kujilazimisha ulikuwa siku 66, lakini watu walitofautiana mno, makadirio yakianzia siku 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo mzima. Mambo haya mawili yanapaswa kukutuliza. Ukiona wiki ya nne imefika na bado unajikumbusha kwa nguvu, hujashindwa, uko pale pale walipo wengi. Na ukikosa Jumanne kwa sababu ya msiba, andika Jumatano, usirudi nyuma kujaza siku zilizopita wala usianze kuhesabu upya.

Kipimo cha udogo wa tendo ni siku yako mbaya kuliko zote. Ukijiuliza kama unaweza kulifanya siku umerudi kutoka safarini Masasi na umechoka, au siku ambayo foleni ya wakulima haijaisha mpaka jioni, na jibu ni hapana, basi tendo hilo bado ni kubwa, lipunguze.

Jifunze jambo moja kwa mwaka, dakika 25 kwa siku

Hapa ndipo mstari wa tatu wa daftari unapofanya kazi yake. Vijana wengi huchagua la kujifunza kwa kusikia: mwenzao amesoma kompyuta, nao wanakwenda kompyuta, amesema kuna kazi za gesi, nao wanatafuta kozi ya usalama kazini. Siwalaumu, lakini daftari lako lina ushahidi bora zaidi kuhusu mahali unapokwama wewe. Mimi baada ya miezi mitatu niliona swali la hundi na taarifa ya benki limejirudia mara 11 kwa sura tofauti. Nikatambua kwamba sijui kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na kwamba nilikuwa nikiificha hali hiyo kwa kumpelekea mhasibu mkuu karatasi na kusema tu kwamba hesabu hazilingani. Huo ndio ukawa mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza, jambo moja, dakika 25 baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kuchemsha chai.

Namna ya kutumia dakika hizo ina uzito kuliko wingi wake. Usizitumie zote kusoma. Soma kwa dakika kumi, funga kitabu, kisha andika kwa maneno yako mwenyewe ulichokielewa au fanya swali moja bila kutazama mfano. Utakapokwama ndipo ufungue tena. Kusoma ukurasa ule ule mara tatu humpa mtu hisia ya kuujua, lakini hisia hiyo hupotea mara anapokabidhiwa karatasi tupu. Jambo ulilojifunza leo lirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokariri huanza kupotea ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huhifadhi zaidi kuliko marudio mengi ya siku moja. Mkulima wangu wa alfajiri hajapata kumsikia Ebbinghaus, lakini salfa yake anaipulizia kwa ratiba ya aina hiyo hiyo.

Umeme ukikatika au bando likiisha usiwe na kisingizio: pakua masomo mapema ukiwa na mtandao, chapisha maswali kumi kwenye stesheneri mwanzoni mwa wiki, na beba mawili ukiwa safarini. Mwendo wa basi kutoka Mtwara kwenda Lindi unatosha kabisa swali moja la hesabu na usingizi mfupi baada yake.

Anayelenga mtihani wa bodi aitazame kalenda kwa macho ya mtu wa Kusini. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hufanya mitihani yake Mei na Novemba. Novemba kwetu ni katikati ya msimu wa korosho, minada inaendelea, na mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika hana jioni iliyo yake. Nilijisajili Novemba mara moja, nikapoteza ada na mwaka. Tangu hapo masomo mazito nayaanza Januari na mtihani naufanya Mei, na Novemba naiachia korosho. Mwalimu, ambaye Novemba yake ina mitihani ya shule, naye atafute mwezi wake mwepesi kwa namna hiyo hiyo kabla ya kulipa ada yoyote.

Fundi aliyejifunza kazi chini ya mwembe, kwa mjomba au kwa fundi mwingine, asidhani kwamba mambo ya vyeti yamempita. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye vyuo Mtwara na Lindi, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kile anachokifanya na kupewa cheti akifaulu. Daftari lake la kazi, lenye idadi na aina ya kazi alizozifanya, litamwonyesha mapema ni sehemu gani ya ufundi hajaigusa kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo aifanyie mazoezi kabla ya kwenda kupimwa.

Watu waliokutangulia

Mara moja kwa mwezi muulize msimamizi wako swali moja ambalo jibu lake linafupika: “Mama, katika kazi yangu ya mwezi huu, ni jambo gani moja ungependa nilifanye kwa namna nyingine?” Usiulize kama unafanya vizuri, kwa kuwa heshima ya kwetu humfanya mtu ajibu kwamba unafanya vizuri. Jibu lolote atakalotoa liandike, lifanyie kazi, na mwezi unaofuata anza kwa kumweleza ulichobadilisha. Mwanzoni bosi wangu alishangaa. Kufikia mwezi wa nne alikuwa akiniandalia jibu kabla sijauliza, na ni yeye aliyenipa mara ya kwanza kazi ya kuandaa hesabu za mwaka.

Kwa waliokutangulia nje ya ofisi yako, mmoja kwa wiki anatosha. Mjulie hali, mwamkie ipasavyo, mshukuru kwa alichowahi kukufundisha na umweleze kimekusaidia wapi. Usimwombe kazi katika ujumbe huo. Nafasi zikitokea, anayekumbukwa ni yule aliyekuwa akijulia hali watu siku ambazo hakuwa na shida.

Msimu ukianza, punguza lakini usikatishe

Kuanzia Oktoba mpaka Desemba fedha na shughuli huongezeka katika mikoa yetu miwili, harusi na ngoma hufuatana, na hata asiye na mkorosho mmoja hujikuta ana kazi za ziada. Usijidanganye kwamba utaendelea na dakika 25. Panga mapema kiwango cha msimu: mstari mmoja wa daftari badala ya mitatu, na swali moja la marudio kwa wiki, bila somo jipya. Kiwango hicho hakikufikishi mbali, lakini kinailinda njia isiote majani, na Januari hutahitaji kuanza upya.

Msimu pia huleta vishawishi vinavyofanana na kangomba. Tunajua namna mnunuzi wa kangomba anavyomfuata mkulima mwenye shida kabla ya mavuno, akampa fedha kidogo leo na kuchukua korosho itakayokuwa na bei kubwa baadaye. Katika kazi, kangomba ni ile ajira ya miezi miwili isiyo na mkataba inayokuita uache masomo uliyoyalipia au kazi inayokufundisha. Wakati mwingine shida ya nyumbani hulazimisha, nami sitamhukumu mtu kwa hilo, lakini kabla ya kukubali uliza maswali mawili: nitapewa karatasi gani, na michango ya hifadhi ya jamii italipwa? Kwa sekta binafsi mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Jiwekee utaratibu wa kuangalia taarifa ya michango yako kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu miezi mitatu iliyokosekana hudaiwa kwa urahisi kuliko miaka mitatu.

Januari, minada ikishatulia, tenga asubuhi moja ya Jumamosi. Zipange kurasa 12 za mwisho wa mwezi mezani kwa mfuatano, uzisome bila haraka, kisha andika wasifu wako upya kwa kutumia idadi zilizomo humo peke yake. Baada ya hapo yatafute maswali ya mstari wa tatu ya Januari iliyopita na uyajibu kwa mdomo, moja baada ya jingine, kana kwamba umeketi mbele ya wasaili. Yale utakayoshindwa kuyajibu yanakili kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku mpya, chini ya tarehe ya siku hiyo.